Stendi ya akwariamu ya maji chumvi: chuma kilicho wazi, kabati la plaiwudi au mbao ngumu ya luva?

Akwariamu ya maji chumvi huiharibu stendi yake kutoka ndani. Nje kabati linang'aa, sebule inapendeza, wageni wanapiga picha. Huku nyuma ya mlango bawaba zimeshaota kutu, kingo za mbao zimevimba, na soketi ina unga mweupe kwenye meno yake. Anayejenga kwa mara ya kwanza huwaza zaidi kama stendi itabeba uzito. Uzito ni jambo zito kweli, ila fundi yeyote mzuri analiweza. Lenye kuhitaji kufikiriwa kabla ya msumeno kushikwa ni hewa na unyevu.

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo mafundi wetu wanaziweza: fremu ya chuma iliyo wazi, kabati la plaiwudi lililofungwa lenye feni, na kabati la mbao ngumu lenye milango ya luva (vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa). Mfano wa kupimia ni tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300, lenye sampu (tangi dogo la kuchujia maji) ya lita 80 chini yake. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025, na kioo cha milimita 10 cha tangi hilo kina uzito wa kilo 57 hivi. Ukiongeza mawe, mchanga, sampu na stendi yenyewe, unakaribia nusu tani.

Chumvi na hewa ya Pwani

Maji yakigeuka mvuke, chumvi haiendi nayo. Chumvi hutoka kwa njia ya matone: viputo vinavyopasuka kwenye skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa), maji yanayoporomoka ndani ya sampu, mkono unaochuruzika baada ya kusafisha kioo. Tone likitua kwenye kichwa cha skrubu, maji hupotea na chumvi hubaki.

Sasa tazama kinachofuata. Chumvi ya mezani huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi. Chumvi ya bahari, kwa kuwa ina magnesiamu, huanza mapema zaidi. Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, unyevu wa usiku hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima, na wakati wa masika hata mchana haupo mbali. Kwa hiyo ile alama nyeupe uliyoidhani imekauka hulowa tena usiku, ikaendelea kula chuma na kuingia kwenye mbao huku wewe umelala.

Ndiyo maana ushauri wa "toboa matundu, patakauka" unafaa zaidi Arusha au Nairobi kuliko Pwani. Hewa haiwezi kukausha kitu kupita ukavu wake yenyewe. Pwani, matundu na feni hufanya kazi mbili tu: kuzuia ndani ya kabati kusiwe na unyevu kuliko sebuleni, na kutoa joto la pampu. Kukinga mbao na chuma ni kazi ya rangi, epoksi na malighafi uliyochagua. Ukiitegemea hewa ifanye yote mawili, stendi itaoza ikiwa na matundu mazuri.

Kwa bara lenye baridi shida hugeuka. Nairobi mwezi wa Julai, maji ya sampu yana nyuzi 25 na sebule usiku inashuka chini ya 20. Mvuke unaopanda hukutana na mlango wa baridi, ukawa matone. Chumba chenye kiyoyozi Pwani hufanya vivyo hivyo: hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 24. Kabati lililosimama mbele ya kiyoyozi kinachopuliza hewa ya nyuzi 20 litatoa jasho upande wa ndani.

Vigezo

Kila njia naitazama kwa mambo matano: hewa inavyopita, inavyostahimili unyevu na chumvi, inavyobeba uzito, usalama wa umeme, kisha ufundi, gharama na matunzo. Bei sitaji, kwa sababu hubadilika kwa mji na kwa msimu. Nataja tu ipi huwa juu ya ipi.

Fremu ya chuma iliyo wazi

*Hewa.* Hapa hakuna mshindani. Hakuna sanduku, basi hakuna fukuto. Skima inavuta hewa ya sebule, pampu zinapoa, na sampu hupoteza joto lake kwa urahisi, jambo linalosaidia sana wakati wa kaskazi. Gharama yake ni kwamba mvuke wote unaishia chumbani. Kwa makadirio ya kawaida ya wafugaji wa samaki, tangi hupoteza karibu asilimia 1 ya maji kwa siku. Kwa mfano wetu ni lita 3 hivi, na zaidi ukiwasha feni juu ya maji. Chumba kidogo chenye madirisha yaliyofungwa kitaonyesha hilo ukutani kwa ukungu mweusi. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya stendi na ukuta, na upake ukuta huo rangi inayooshika.

*Unyevu na chumvi.* Hapa ndipo chuma kinapojaribiwa. Kutu unayoiona si ya kuogopwa sana, kwa sababu utaikwangua na kupaka upya. Ya hatari ni ile ya ndani ya bomba la mraba na ile ya chini ya kiungo, mahali ambapo brashi haikufika. Mwambie fundi wa kuchomelea azibe ncha zote za mabomba na ajaze kila kiungo mzunguko mzima, asiache "tako" mbili tatu za kushikilia tu. Ukinunua bomba lililopakwa zinki, kumbuka moto wa kuchomelea huiunguza zinki palepale kwenye kiungo, penye kuhitaji kinga kuliko pengine pote; moshi wake pia unamdhuru fundi, hivyo kazi ifanyike uwanjani. Mpangilio bora ni kuchomelea chuma cheusi kwanza, kisha fremu nzima ichovywe kwenye zinki ya moto (hapo mabomba yaachiwe matundu ya hewa, yazibwe baadaye, kwa kuwa bomba lililozibwa huweza kulipuka kwenye zinki ya moto) au ipakwe epoksi mikono miwili juu ya rangi ya kuzuia kutu. Rangi ya unga ni nzuri mpaka siku itakapokwaruzwa: kutu huingia kwenye mkwaruzo na kutambaa chini ya ngozi ya rangi.

Usiruhusu bomba la fremu kupita juu ya sampu bila kifuniko. Zinki na shaba ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe, hata zikidondoka kwa matone.

*Uzito.* Bomba la milimita 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 2, likiwa na mihimili ya mlalo juu na chini na nguzo ya katikati, linatosha kwa mfano wetu. Ila nusu tani inashuka kwenye nyayo chache. Weka bamba chini ya kila mguu, maana marumaru yenye uwazi chini yake hupasuka.

*Umeme.* Hakuna pa kuficha nyaya, na hiyo ni faida, kwa sababu utaziona. Soketi zifungwe ukutani, juu ya kimo cha sampu na pembeni yake.

*Ufundi, gharama na matunzo.* Mafundi wapo kila mtaa, na kwa kawaida ndiyo njia nafuu. Malipo yake ni kitambaa chenye maji matamu kila wiki. Anayeacha chumvi mwezi mzima atapaka rangi upya kila mwaka.

*Inamfaa* mwenye chumba cha samaki, gereji, maabara ya shule, au nyumba yenye madirisha yanayopitisha upepo. Mwenye watoto wadogo wanaotambaa aifikirie mara mbili: sampu iko wazi, na nyaya pia.

Kabati la plaiwudi lililofungwa, lenye feni

*Hewa.* Kabati likifungwa bila mpango, ndani yake hujaa mvuke kwa saa chache. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kuliko kavu, na yenye joto ni nyepesi kuliko baridi, kwa hiyo yote hupanda. Njia ya kuingilia hewa iwe chini, ya kutokea iwe juu, na ziwe pande mbili tofauti ili hewa ikatishe kabati lote. Kwa stendi ya sentimita 120, mimi ningeanza na nafasi mbili za sentimita 30 kwa 10 chini mbele, kisha nyuma juu niache upenyo wa urefu wote wa kabati. Mgongo uliozibwa kabisa kwa ubao ni adui. Nusu ya mgongo iachwe wazi.

Feni za kompyuta za milimita 120, za volti 12, zinatosha na hazili umeme mwingi. Swali ni zisukume hewa ndani au ziivute nje. Feni ya kusukuma hudumu, kwa kuwa inapitiwa na hewa ya sebule isiyo na chumvi. Kasoro yake ni kwamba mvuke unasukumwa kwenye kila ufa wa kabati. Feni ya kuvuta huutoa mvuke moja kwa moja, lakini chumvi yote inapita kwenye mota yake. Pwani mimi huegemea ya kusukuma, penye upenyo mkubwa wa kutokea. Kwenye chumba cha kiyoyozi huegemea ya kuvuta, ili hewa ya joto isipate muda wa kugusa mbao za baridi.

Jambo moja husahaulika: skima huvuta hewa. Ndani ya kabati lililofungwa, hewa hiyo huwa na kaboni dayoksaidi nyingi, na pH ya maji, ambayo baharini ni karibu 8.1, hushuka. Peleka mrija wa hewa wa skima nje ya kabati. Ni tundu dogo la drili linalowapa matumbawe nafuu kubwa.

*Unyevu na chumvi.* Plaiwudi hutofautiana kama mbingu na ardhi. Madukani wengi watakuletea "marine bodi", ile yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayotumika kumwagia zege. Gundi yake kwa kawaida inastahimili maji, na ngozi yake haipitishi kitu. Udhaifu uko kwenye kingo. Jaribu mwenyewe: kata kipande, dondoshea maji juu ya ngozi, kisha dondoshea kwenye ukingo uliokatwa. Juu, tone linakaa duara. Ukingoni linaingia ukiliangalia, na nyuzi za mbao zinabadilika rangi kufuata njia yake. Kabati zima litafanya hivyo kwenye kila tundu la skrubu, kila pitio la bomba na kila ukingo wa chini uliogusa sakafu yenye maji.

Kwa hiyo kata na toboa kila kitu kwanza, pamoja na matundu ya feni na mabomba. Piga msasa. Kisha nywesha kingo epoksi nyepesi, ikikauka rudia, mpaka ukingo uache kuinywa. Ndipo ukusanye kabati, uzibe pembe za ndani kwa silikoni, na upake rangi ya epoksi nyeupe ndani. Nyeupe nina sababu nayo: kutu, uvujaji na ukungu huonekana siku ya kwanza. Sakafu ya kabati iwe kama trei, na ukuta wa sentimita 5 kuzunguka. Umeme ukikatika pampu husimama, na maji ya juu hushuka sampuni mpaka usawa wa mfereji unaoyatoa tangini. Sampu isiyoachiwa nafasi ya maji hayo humwagika, na kabati nyingi hufa kwa mafuriko hayo kuliko kwa mvuke.

Skrubu na bawaba ziwe za stenlesi ya daraja la 316. Ile ya 304 huanza kuonyesha madoa ya kahawia ikikaa na chumvi.

*Uzito.* Plaiwudi ya milimita 18 ina nguvu sana ikisimama wima. Ubao wa juu ukae juu ya kuta, na kuta zisimame juu ya sakafu, ili uzito ushuke mbao kwa mbao. Skrubu kazi yake ni kushikilia, isiachiwe kubeba. Katikati weka ukuta wa kugawa. Utautumia pia kutenga umeme.

*Umeme.* Hicho chumba kidogo kilichotengwa ndicho kinachoifanya njia hii iwe salama. Soketi, vidhibiti na feni ya kusukuma hewa kavu viwe huko. Sampu na skima upande wa pili. Kila waya ushuke chini kisha upande kabla ya kufika soketini, ili tone linalofuata waya lidondoke kwenye kitanzi. Na kifaa kinachokata umeme unapovuja kiwekwe bila mjadala, kwa njia hii na kwa nyingine zote.

*Ufundi, gharama na matunzo.* Gharama ni ya kati, na karibu yote imo kwenye epoksi na muda wa kuikausha. Feni zitakufa; zifunge mahali unapozifikia kwa bisibisi moja.

*Inamfaa* mkaazi wa fleti, mwenye sebule ya kiyoyozi, mwenye watoto au paka, na anayechukia kelele za pampu. Haimfai asiye na subira ya kungoja epoksi ikauke.

Kabati la mbao ngumu lenye milango ya luva

Nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja zilipata jawabu la hewa zamani: mbao zilizopangwa mshazari zinazopitisha upepo na kuzuia macho. Akwariamu inaweza kukopa hekima hiyo.

*Hewa.* Milango ya mbele ikiwa ya luva kutoka chini hadi juu, na mgongo ukiwa wazi, hewa hujiendesha yenyewe bila feni. Umeme ukikatika usiku mzima, kabati halibadiliki. Ila luva inategemea chumba chenyewe kupumua. Ndani ya chumba kilichofungwa kutwa, luva haisogezi kitu.

*Unyevu na chumvi.* Msaji, mvule na mkongo zina asili ya kustahimili maji; ndizo zilizotengeneza milango na majahazi. Mninga nao hauchezi sana unyevu ukipanda na kushuka, sifa muhimu kwa mlango unaotakiwa kufunga mwaka mzima. Hakikisha mbao zimekauka vizuri. Mbao mbichi ya msaji itajikunja kwenye kabati kama ambavyo paina ingejikunja. Msaji una mafuta, hivyo futa kwa kitambaa chenye asetoni kabla ya gundi ya epoksi, la sivyo kiungo hakishiki. Vanishi nene ikipasuka hunasa chumvi chini yake. Mafuta ya mbao yanayorudiwa mara kwa mara ni rahisi kutunza.

Kazi ngumu ya luva ni usafi. Kila ubao ni rafu ndogo ya kupokea chumvi.

Usishawishike na paina iliyotiwa dawa kwa kuwa ni nafuu. Dawa nyingi za mbao za ujenzi zina shaba ndani, na mbao hiyo haifai kuwa juu ya sampu iliyo wazi.

*Uzito.* Miguu ya sentimita 7 kwa 7 yenye viungo vya ulimi inabeba bila wasiwasi. Kagua kwa pimamaji baada ya kujaza na tena baada ya masika, maana mbao hupanuka.

*Umeme.* Soketi ziwe ukutani nje ya kabati. Luva haizuii tone linaloruka.

*Ufundi, gharama na matunzo.* Ndiyo ya juu kwa bei, na inahitaji seremala wa kweli. Ikitunzwa itabaki hata tangi likibadilishwa.

*Inamfaa* mwenye nyumba ya Pwani inayopitisha upepo, hoteli au mgahawa unaotaka stendi iwe sehemu ya samani, na aliye mahali penye umeme wa kusuasua.

Nyingine mbili, kwa ufupi

Stendi ya tofali za saruji yenye tofali za matundu kwa ajili ya hewa na bamba la graniti juu haijui kutu wala kuvimba. Haihami, na ni ya sakafu ya chini tu. Lipu isichanganywe na mchanga wa ufukweni, kwa sababu chumvi yake itavuta unyevu daima.

MDF na chipboard (bodi za nyuzi au chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) hupatikana kwenye stendi nyingi za dukani. Zinaweza kudumu chumbani mwa kiyoyozi zikiwa na kingo zilizozibwa na mmiliki anayefuta kila tone. Zikishalowa hadi ndani hazirudi, na huanza kusagika chini ya uzito.

Kwa hali yako

Chochote utakachojenga, nunua vipima unyevu viwili vidogo, kimoja ndani na kimoja sebuleni. Tofauti ikizidi alama 10 za asilimia kwa siku nzima, ongeza upenyo wa juu kabla ya kuongeza feni. Kifuniko cha akriliki juu ya sampu, kikiachiwa mwanya, hupunguza matone kwa kiasi kikubwa; ukiona maji yanapanda joto wakati wa kaskazi, kitoe sehemu.

Uko Pwani, madirisha wazi, umeme unakatika mara kwa mara: luva ya mbao ngumu, au chuma kilichochovywa zinki kama bajeti ni ndogo. Uko Pwani na kiyoyozi kinawaka kutwa: plaiwudi yenye feni ya kuvuta, mbali na mkondo wa kiyoyozi. Uko Nairobi, Arusha au Mbeya: plaiwudi inafaa sana, na ili kuepuka umande wa usiku acha feni iwake hasa saa za baridi. Una chumba maalumu na unapenda kugusa kila bomba bila kupiga magoti mbele ya mlango: chuma. Umepanga na utahama: chuma cha kufunga kwa bolti za stenlesi badala ya kuchomelea, chenye paneli nyepesi za plaiwudi zinazotoka, na bolti zilizopakwa grisi tangu siku ya kwanza ili zifunguke siku ya kuondoka.